Chungu cha Dhahabu Kinakaribia Kupasuka: Nikope Nimalizie?

Mama Mshauri, hujambo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao amelala, simu iko mkononi. Nikiiweka chini nitaanza kufikiria, na nikiishika nitacheza, basi nimeona afadhali niandike.

Mimi nauza nguo za watoto za mitumba hapa Umoja. Alfajiri huwa soko la Gikomba kuwania kamera, zile nguo za daraja la kwanza, kabla wenye maduka hawajazimaliza, na ikifika saa tatu nishafungua kibanda. Mume wangu ni fundi wa mabomba. Hatuna makuu lakini hatulali njaa. Karo huchelewa, ila hulipwa.

Mwezi wa Aprili uliingia ujumbe kwenye simu kwamba nimepewa mizunguko ya bure katika mchezo fulani wa Kichina. Sikuwa mtu wa kubeti. Mpira siujui, na ile ndege inayopaa vijana wanayoishangilia kwenye steji sikuwahi kuigusa. Lakini huu ulikuwa mzuri kutazama. Skrini yote nyekundu, nguzo za dhahabu, joka limejikunja juu, na mzee mwenye ndevu ndefu anayetabasamu. Unabonyeza, picha zinazunguka, ngoma zinalia. Chini kuna chungu cha dhahabu. Sarafu ya aina fulani ikitokea, inaruka inaingia chunguni, na chungu kinavimba kidogo. Kikipasuka ndipo unaingia kwenye jakipoti.

Nilipoanza tu, niliangukiwa na shilingi 46,000. Nilitoa 20,000 nikalipa karo, nikamwambia mume wangu biashara imenikubali. Zilizobaki nilizicheza zikaisha. Tangu hapo nimecheza kila usiku, mizunguko ya 50, hadi pesa za kununulia mzigo zikaisha, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ikajaa, nikabaki na pesa za chama.

Tuko wanawake 14. Kila Jumapili kila mmoja hutoa 500, Desemba tunagawana. Mimi ndiye mwekahazina. Pesa hukaa kwenye laini yangu ya pili, kwa sababu akaunti ya benki tumekuwa tukisema tutafungua wiki ijayo, wiki ijayo. Kufikia Jumapili iliyopita zilipaswa kuwa 189,000. Zilizopo ni 73,000. Nilianza kwa kuchukua elfu mbili, nikazirudisha kesho yake. Halafu elfu tano, nikarudisha tatu. Baada ya hapo niliacha hata kuandika.

Jumapili hiyo mmoja wetu alisimama akasema mama yake anatakiwa kufanyiwa upasuaji, na hospitali inataka 80,000 kwanza. Tulikubaliana akopeshwe kutoka kwenye akiba, apewe Jumapili ijayo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuinua mkono. Nilifika nyumbani tumbo likinikata.

Mwenyekiti wetu ni wifi yangu, dada ya mume wangu.

Sasa swali langu. Chungu kimejaa, Mama. Kimevimba mpaka kimepata nyufa, mwanga unatoka ndani, na kila nikibonyeza kinatetemeka. Tangu nianze sijakiona hivi. Kuna programu ya mikopo imekubali kunipa 20,000. Nikiziweka, kwa mizunguko ya 50, nina muda wa kutosha kukingoja kipasuke. Jakipoti kubwa inaonyesha zaidi ya milioni. Nikiacha sasa, ataingia mtu mwingine achukue chungu nilichokijaza mimi. Nikope nimalizie, au nifanye nini?

Na nikitoka katika hili, wenzangu wanaweza kuniachia tena pesa zao? Kazi ile naipenda. Miaka yote niliyoishika kabla ya mwaka huu sikuwahi kupoteza hata shilingi.

Mwekahazina, Umoja

*

Mwanangu,

Usikope. Na hizo 73,000 zitoke kwenye simu yako leo, kabla ya mambo mengine yote nitakayokwambia. Zitume kwa wifi yako kwa mkupuo mmoja, ada ya kutuma uilipe wewe, kisha mpigie umwambie: "Wifi, hizo ni pesa za chama, zihifadhi. Kesho nakuja na kaka yako kukueleza." Akikubana kwa maswali mwambie utayajibu kesho. Usianze kujieleza kwa simu.

Nimeanza hapo kwa sababu ya mama anayengoja upasuaji. Umeniletea hesabu mwenyewe na nadhani hofu imekuzuia kuiona. Michango ya Jumapili ijayo, 500 kwa watu 14, ni 7,000. Ukiziongeza kwenye 73,000 unapata 80,000 kamili. Mwenzenu anaweza kupata mkopo wake siku ile ile aliyoahidiwa. Usiku mmoja zaidi wa kucheza ndio utakaomnyima. Kwa hiyo achana kwanza na 116,000 zilizokwenda. Zitalipwa, na nitakwambia jinsi ninavyoona zilipwe. Zilizopo ndizo zenye haraka.

Sasa chungu.

Chungu hakijai. Najua umekiona kwa macho yako kikivimba, na sisemi umeota. Hiyo ni picha iliyochorwa ivimbe. Ndani ya mchezo kuna programu inayotoa nambari za kubahatisha mfululizo, maelfu kwa maelfu, hata wakati hakuna anayebonyeza. Sekunde ile kidole chako kinapogusa, nambari iliyopo ndiyo inayoamua umepata nini au umekosa. Yote unayoyaona baada ya hapo, picha zikizunguka, joka likitoa moshi, chungu kikitetemeka, ni maonyesho ya jambo ambalo limeshaamuliwa. Mashine za zamani, kama zile alizotengeneza Charles Fey kule San Francisco mwishoni mwa karne ya 19, zilikuwa na magurudumu ya chuma yaliyozunguka kweli na kusimama kweli. Kwenye simu yako hakuna gurudumu, na chungu hakuna.

Mzunguko wako wa mwisho wa jana na wa kwanza wa leo havijuani. Ukirusha sarafu ikaangukia upande mmoja mara kumi mfululizo, mrusho wa kumi na moja hauna deni la kukulipa. Katika michezo ya chungu kama wako, chungu kinaweza kupasuka kikiwa kitupu, na kinaweza kukaa na nyufa zake miezi. Fungua ukurasa wa kanuni za mchezo, ule wenye maandishi madogo ambao huwa hatuusomi. Kuna michezo ambayo humo imeandikwa waziwazi kwamba ukubwa wa chungu hauonyeshi jakipoti iko karibu kiasi gani.

Nikuambie ukweli wote, maana unaweza kuulizia kwingine ukaambiwa mama huyu hajui. Zipo jakipoti ambazo ni lazima zitoke kabla ya kufika kiasi fulani. Lakini hizo kiwango chake huandikwa kwa tarakimu, na mara nyingi zinagombaniwa na kila aliye kwenye mchezo, si wewe peke yako. Chungu kinachovimba kwenye skrini yako si jambo hilo. Na hakuna mtu atakayekuja kuchukua ulichokijaza, kwa sababu hukujaza chochote. Nimelirudia hili makusudi. Naona ndilo linalokushika kuliko hata tamaa ya milioni: uchungu wa kuacha kazi uliyoifanya ikaliwe na mwingine. Wewe ni mfanyabiashara, umezoea jasho lako lizae. Mchezo umeundwa na watu wanaoijua tabia hiyo nzuri, wakaichorea chungu.

Angalia na ule mlio wa ngoma. Unaweka 50, picha mbili zinalingana, sarafu zinamwagika skrini nzima, ngoma na fataki, na kwenye kona panaandikwa umeshinda 15. Umepoteza 35, mwanangu. Umepigiwa ngoma kwa kupoteza 35. Kesho mchana, ukiwa umekaa na mtu, kumbuka usiku mmoja tu na ujiulize ni ngoma ngapi kati ya zile zililia kwa kiasi kinachozidi 50 ulizoweka. Utafiti kuhusu mashine hizi umeonyesha kuwa mwili wa mchezaji husisimka kwa ushindi huo wa uongo karibu sawa na anavyosisimka kwa ushindi wa kweli, na akiulizwa alishinda mara ngapi, hutaja idadi kubwa kuliko ilivyokuwa. Vivyo hivyo pale alama mbili zinaposimama sawa na ya tatu ikasimama juu kidogo ya mstari. Unaona umekosa kwa unywele, na moyo unakwambia bado kidogo. Kumbe kukosa kwa unywele na kukosa kwa mbali ni kukosa kule kule.

Sasa tupige hesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Michezo hii hutangazwa kuwa inarudisha, tuseme, asilimia 96. Watu husoma hapo wakaelewa kwamba wakiweka 1,000 watarudi na 960. Lakini asilimia ile inahesabiwa kwa kila mzunguko. Ukibonyeza kila baada ya sekunde sita, ambao si mwendo wa kukimbia, kwa saa moja umezungusha mara 600. Mara 50, umecheza shilingi 30,000. Huzioni kwa sababu ni zile zile zinazokwenda na kurudi. Asilimia 4 ya 30,000 ni 1,200, na hizo ndizo zinazobaki kwa mwenye mchezo kila saa, kwa wastani. Saa mbili kila usiku ni 2,400, mwezi mmoja ni 72,000. Na huo ni wastani unaohesabu hata yule mmoja aliyepata jakipoti kubwa. Ukimtoa yeye, waliobaki wanapoteza zaidi. Juu yake kuna kodi. Tangu Julai 2025 serikali hukata asilimia 5 unapoingiza pesa kwenye akaunti ya kamari na asilimia 5 unapozitoa. Ukiweka 1,000 na kuzitoa bila kucheza hata mzunguko mmoja, unarudi na 900 na ushee.

Kwa hiyo hukupoteza kwa sababu una mkosi, wala si kwa sababu ulicheza vibaya usiku fulani. Ulipoteza kwa kasi ile ile ambayo hesabu inasema. Hizo 20,000 za mkopo zingekwenda kwa kasi hiyo hiyo, kisha mkopo ungebaki palepale na riba yake.

Nataka kusema jambo kuhusu huo Uchina wa mchezo, kwa sababu wengi wameniuliza kama kuna bahati ndani yake, na wengine wananong'ona mambo ya majini. Wekundu, dhahabu, joka na nambari 8 ni vitu Wachina wanavyovienzi kweli. Michezo ya Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 mwezi wa 8 mwaka 2008, saa mbili usiku, na siku hiyo haikuchaguliwa ovyo. Yule mzee mwenye ndevu ni mungu wa utajiri wanayemweka milangoni wakati wa mwaka wao mpya. Ni mila za watu, tuziheshimu. Lakini katika China yenyewe kasino ni marufuku, isipokuwa Macau peke yake, na mingi ya michezo hii maarufu imebuniwa na kampuni za Marekani, Australia na Ulaya. Walichukua mapambo ya sherehe za watu wakayabandika juu ya programu ya nambari. Ukibandua joka ukaweka twiga, hesabu ndani ni ile ile. Basi usiogope jini, na usingoje baraka.

Wala usidhani uko peke yako. Kule Brazil mchezo wa chui milia wa aina hii, Fortune Tiger, ulienea hadi ukawa habari ya polisi na bunge. Hapa kwetu wengi wanakumbuka zile mashine za sarafu za shilingi 20 zilizojaa kwenye vioski na vilabu vya mitaani, zilizoletwa kutoka China, ambazo serikali ilizikusanya na kuziteketeza karibu na mwaka 2018. Wazazi walipumua. Lakini mashine ile ulilazimika kutoka nyumbani kuifuata, jirani akakuona, sarafu zikaisha mfukoni ukarudi. Ya sasa inalala nawe kitandani, na M-Pesa ipo kwenye simu ile ile. Ndiyo maana sikulaumu kana kwamba ulikosa akili. Akili unayo, ila umewekewa mtego mahali ambapo hakuna anayekuona.

Tuje kwa watu, ambako najua ndiko kugumu.

Mume wako aanze kujua kabla ya dada yake, na ajue usiku huu baada ya pesa kutumwa. Akisikia kutoka kwa dada yake atakuwa ameaibishwa mara mbili. Usimwandalie hotuba. Mwambie: nimecheza kamari ya simu tangu Aprili, zile pesa za karo zilitoka huko, nimetumia 116,000 za chama, zilizobaki nimezituma kwa dada yako, kesho naomba twende wote. Mpe simu aione historia. Taarifa ya M-Pesa utaipata kwa *334#, ya laini zote mbili. Usimfiche hata deni dogo. Deni litakalojitokeza baada ya wiki mbili, hata likiwa la elfu tatu, litaharibu yote mliyoyajenga usiku huu. Atakasirika. Mwache akasirike.

Hukuniambia kama ni mtu wa kuinua mkono. Ikiwa unamwogopa kwa hilo, usimwambie mkiwa wawili usiku. Nenda kwanza kwa mtu mzima anayemheshimu, awepo. Na nambari 1195 hupokea simu bure kwa mambo ya ukatili wa nyumbani, mchana na usiku.

Wifi yako mwambieni kesho, nyumbani kwake, si sokoni. Enda na daftari la chama. Andika ukurasa mmoja kwa mkono wako: zilizopaswa kuwepo 189,000, zilizopo 73,000, nilizotumia 116,000, jina na sahihi. Naelewa kwa nini hutaki kuandika. Lakini karatasi hiyo ndiyo itakayokutenganisha na mwekahazina aliyezima simu akahamia mtaa mwingine, na Nairobi tunawajua wengi. Sheria ya jinai ya Kenya inatambua wizi wa mtu aliyekabidhiwa mali, na wenzako wana haki ya kwenda polisi. Sitakuficha hilo. Wanawake waliokuja kwangu na habari za vyama vilivyoibiwa huniambia karibu maneno yale yale, kwamba kilichowakasirisha zaidi ya pesa ni kudanganywa usoni Jumapili baada ya Jumapili. Wewe bado una nafasi ya kufika mbele yao kabla hawajagundua.

Malipo yawe ya kuonekana. Fungu lako mwenyewe la akiba mpaka sasa ni 13,500, liachie chama. Deni linashuka hadi 102,500. Halafu uza hiyo simu. Nasema kweli. Nunua kabambe, simu ndogo ya vitufe. M-Pesa inafanya kazi kwenye kabambe vizuri kabisa na wateja wako watakulipa kama kawaida, lakini joka haliingii humo. Bei ya simu iende kwenye deni siku hiyo hiyo, mkononi mwa wifi, mbele ya mume wako. Kinachobaki kigawe kwa wiki kwa kiasi ambacho kibanda kinaweza kutoa hata wiki ya mvua. Usiwaahidi kumaliza Desemba ili wakuonee huruma. Ahidi kidogo na ukilete kila Jumapili. Kama hamna mtaji wa mzigo mpya, anza na fagia, yale mabaki ya bei ya chini, kwa muda, au umchukulie mwenzako wa Gikomba nguo kwa mali kauli, umlipe ukiuza. Unazijua njia hizo kunishinda.

Fuliza ikishalipwa, omba itolewe kwenye laini yako. Ile programu iliyokukubalia 20,000 ifute, na usiijaribu nyingine. Huko ulikocheza waandikie wafunge akaunti yako kabisa, na ujumbe wao wa mizunguko ya bure uzuie usiingie tena. Wenye leseni hapa Kenya wanatakiwa kukufungia ukiomba. Wakikataa, peleka malalamiko kwa mamlaka ya kudhibiti kamari, iliyoundwa kwa sheria mpya ya mwaka 2025.

Kuhusu mwili na akili yako. Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha uraibu wa kamari kuwa ugonjwa, katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022, karibu na uraibu wa vitu vingine. Ule ushindi wa 46,000 wa mapema ndio uliokufunza ubongo kungoja. Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner alionyesha miongo mingi iliyopita kwamba ndege anayepewa punje bila mpangilio hudonoa kwa ukaidi kuliko anayepewa kila mara, na mfano alioutumia kwa binadamu ulikuwa ni mashine za kamari. Kwa hiyo wiki za kwanza utasumbuka. Utakosa usingizi, mikono itaitafuta simu, na saa ile ya watoto kulala ndiyo itakuwa mbaya kuliko zote. Piga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, inayohudumia wenye uraibu, au 1199 ya Msalaba Mwekundu ukitaka mtu wa kuzungumza naye. Hospitali ya Mathari, kule Barabara ya Thika, ina wataalamu wa afya ya akili na uraibu. Si lazima uwe umerukwa na akili ndipo uende huko, hiyo ni fikra ya zamani. Na usiku mmoja ukikuzidi, ukaona hakuna njia na ni heri usiwepo, amsha mume wako hapo hapo au upige 1199. Wasomaji kadhaa walioniandikia kuhusu kamari walikuwa wamefika hapo, ndiyo maana nakutajia ingawa hukusema.

Umeuliza mwisho kama utashika tena pesa za wenzako. Hapana, usizishike, na Jumapili uwe wewe wa kulisema kabla hawajalisema. Lakini usiondoke chamani. Waombe wakuachie daftari: wewe uandike kila shilingi, mwingine azipokee. Na ile akaunti ya benki ya wiki ijayo mfungue Jumatatu, iwe na sahihi tatu, yako isiwemo. Benki nyingi zina akaunti za vikundi, na huomba majina ya viongozi, nakala za vitambulisho, katiba ya chama na muhtasari wa kikao. Muhtasari huo wa Jumapili uandike wewe. Andika humo pia kwamba mwenzenu amepewa 80,000 za mama yake.

Mama Mshauri